Kutayarisha Nyumba za Kupangisha Kabla ya Mvua za Deyr

Kaunti ya Garissa haina theluji wala baridi ya kugandisha maji ndani ya mabomba. Hata mwezi wa Julai, mkazi wa Iftin huvuta shuka kidogo alfajiri, na jua likichomoza mambo ya baridi yameisha. Kinachobomoa nyumba hapa ni maji. Yako maji yanayoanguka juu ya mabati, na yako yale yanayokuja na Mto Tana siku ambayo hakuna wingu hata moja juu ya mji.

Mvua za Deyr hunyesha kuanzia Oktoba hadi Desemba, na zile za Gu kuanzia Machi hadi Mei. Katikati yake ni Hagaa, miezi mikavu ambayo fundi anapatikana, mchanga unafikika na lori linaweza kuingia kila bulla. Kazi nyingi zinazoelezwa hapa ni za wakati huo. Mwenye ploti anayengoja tone la kwanza atamkuta fundi ana foleni ya wateja.

Mji wa Garissa hupata kwa wastani chini ya milimita 400 za mvua kwa mwaka, na kwa sababu hiyo wengi huona habari ya mafuriko kuwa ya watu wa kwingine. Lakini mvua hiyo haigawanyiki sawasawa. Hunyesha siku chache, kwa nguvu, juu ya ardhi ngumu iliyokauka kwa miezi, na sehemu kubwa ya maji hukimbia juu juu badala ya kuzama. Kisha kuna miaka ambayo wastani hauna maana yoyote. Mvua za El Niño za 1997 bado zinatajwa na wazee. Mwaka wa 2018 na 2019 mto ulivunja kingo. Novemba 2023, baada ya ukame uliodumu misimu mitano mfululizo, maji yaliikata barabara ya Garissa kwenda Nairobi upande wa Madogo, na miezi mitano tu baadaye, Aprili 2024, barabara hiyo ikazama tena. Mwezi huo mashua iliyokuwa ikivusha abiria ilipinduka eneo la Kona Punda na watu wakafa maji.

Ukame huo ndio pia ulioongeza wapangaji mjini. Familia za wafugaji zilizopoteza mifugo zilihamia pembezoni mwa mji, na ardhi iliyokuwa wazi kwao ni ile ambayo wenyeji walikuwa wakiiepuka: mabonde, kingo za laga, na nyanda za karibu na mto. Nyumba za kupangisha zilizojengwa haraka mahali hapo ndizo zinazohitaji matayarisho zaidi.

Maji yanatoka wapi

Kabla ya kununua mfuko mmoja wa simiti, mwenye nyumba anafaa kujua ni maji gani yanayotishia ploti yake, kwa sababu dawa zake ni tofauti.

Maji ya mvua ya hapa mjini hushuka kwa saa chache na kuondoka yakipata njia. Haya yanaweza kuelekezwa kwa mtaro, kwa kuinua sakafu na kwa kufungulia njia zilizozibwa. Maji ya Tana ni mengine. Mto huu unatoka nyanda za juu za Mlima Kenya na Aberdare, na hupitia mabwawa matano ya umeme: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Mvua kubwa ikinyesha Nyeri, Murang'a au Embu, Masinga hujaa, kisha maji yaliyozidi hufurika kutoka bwawa moja hadi lingine mpaka Kiambere, na kutoka hapo hakuna tena bwawa la kuyazuia kabla ya Garissa. Safari hiyo huchukua siku kadhaa. Siku hizo ndizo nafasi pekee ya mpangaji kuhamisha godoro, vyeti na mbuzi wake. Tangazo la kufurika kwa Masinga likisikika redioni au kwa chifu, mkazi wa kingo za mto asitazame anga la Garissa ndipo aamini.

Mtaro wa ploti haufanyi kitu mbele ya mto uliovunja kingo. Yanapofika maji ya aina hiyo, yanakaa wiki nyingi. Kanuni za nchi zinataka eneo la kati ya mita 6 na 30 kutoka ukingo wa mto liachwe bila majengo, na hata nje ya hapo ziko ploti ambazo kila mzee wa mtaa anajua kuwa maji huzifikia. Nyumba ya namna hiyo haitayarishiki. Mwenyewe anaweza tu kumwambia mpangaji ukweli kabla ya kupokea kodi ya kwanza, na kukubaliana naye atahamia wapi. Kunyamaza kwa sababu chumba kitakosa mtu ni kumuuzia mwenzako hasara ukiiona.

Njia nzuri ya kujua historia ya ploti ni kuuliza. Alama za matope kwenye kuta za majirani huonekana kwa miaka. Wazee wa bulla, maimamu na wenye maduka wanakumbuka maji yalifika ngazi gani mwaka 2018 au 2023. Mpangaji mgeni, awe mwalimu aliyehamishwa au muuguzi anayeanza kazi, anafaa kuuliza kabla ya kulipa amana.

Hesabu ya paa

Watu wengi hawajui paa lao linakusanya maji kiasi gani. Hesabu yake ni rahisi: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji.

Tuseme ploti ina safu moja ya vyumba, urefu wa mita 20 na upana wa mita 6. Paa hilo ni mita 120 za mraba. Mvua kubwa ya usiku mmoja ikileta milimita 50, paa limemwaga lita 6,000. Kama nyumba haina gata, lita hizo zote zinaanguka miguuni mwa kuta, zinachimba udongo wa msingi na kurusha matope mlangoni. Kama ploti ina safu mbili zinazotazamana, kama zilivyo nyingi Iftin, maji ya paa mbili hukutana katika ua mmoja mwembamba ambao mlango wake wa kutokea ni lango la mbele tu. Lango hilo mara nyingi limewekewa kizingiti cha simiti ili magari ya jirani yasilete vumbi. Ua unageuka kuwa birika.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kufungulia maji njia. Siku moja ya Hagaa keateka amwage mitungi miwili mitatu ya maji katika ua, pembe moja baada ya nyingine, na kutazama yanakokwenda. Yanapotuama ndipo pa kujaza kifusi na kushindilia. Yanapoelekea mlangoni ndipo pa kuinua kizingiti. Mtaro uchimbwe upande wa chini, uteremke bila kuvunjika hadi kwenye mtaro wa barabara, na usiishie kwenye ukuta wa jirani. Ugomvi mwingi unaofika kwa chifu wakati wa mvua ni wa mtu aliyeokoa ploti yake kwa kuizamisha ya mwenzake.

Mitaro ya barabarani ni mali ya umma, lakini inazibwa na takataka za majumbani: karatasi za nailoni, chupa, mabaki ya miraa, kifusi cha ujenzi. Mwenye ploti aliyeweka daraja la simiti mbele ya lango lake ahakikishe bomba lililo chini yake ni pana na limesafishwa. Daraja moja lililoziba linaweza kuzamisha mtaa mzima ulio juu yake.

Gata yenyewe si anasa. Ikiunganishwa na tangi la lita 5,000, lile paa la mfano wetu lingelijaza kwa mvua moja, na kila mkazi wa Garissa anajua bei ya maji ya mkokoteni mfereji unapokauka. Maji hayo yafaa kufua na kuosha. Ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa, na mvua ya kwanza ya msimu iachwe imwagike ili ioshe vumbi na kinyesi cha ndege kwenye mabati.

Kuhusu mabati yenyewe, maneno ni machache. Fundi apande kabla ya Oktoba, akaze misumari iliyolegea, abadilishe ile iliyopoteza mpira wake, na atazame mbao zilizoliwa na mchwa. Upepo unaotangulia mvua za Deyr hung'oa bati moja, na likitoka moja mengine hufuata.

Wapangaji wa herio na vibanda vya mabati, ambao hulipia uwanja tu, wana kazi yao. Kijifereji kichimbwe kuzunguka herio, na udongo unaotoka utupwe upande wa ndani ili kuinua sakafu. Vitanda viinuliwe juu ya matofali. Mwenye uwanja anayepokea kodi kila mwezi hawezi kusema mtaro wa uwanja huo haumhusu.

Choo na stima

Mambo haya mawili ndiyo yanayoua, na ndiyo yanayoahirishwa zaidi.

Choo cha shimo kilichojaa hadi karibu na mdomo kitamwagika maji ya kwanza yakiingia. Kinyesi huelea uani, huingia kwenye tangi la ardhini lisilo na mfuniko mzuri, na kutoka hapo kipindupindu hakibishi hodi. Garissa iliugua ugonjwa huo mwaka 2022 na 2023, na mafuriko huurudisha. Shimo au tangi la majitaka linyonywe wakati wa kiangazi, maana lori zito haliingii kwenye bulla iliyolowa. Mdomo wa shimo uinuliwe kwa mawe na simiti juu ya kiwango ambacho maji ya mvua hufika. Choo kipya kikae angalau mita 30 kutoka kisima. Ploti ya vyumba kumi yenye choo kimoja ina tatizo hata kabla ya mvua, na afisa wa afya ya umma ana mamlaka, chini ya Sheria ya Afya ya Umma, kumwandikia mwenye ploti notisi ya kurekebisha kinachohatarisha afya ya watu. Mpangaji yeyote anaweza kupeleka malalamiko katika ofisi ya afya ya umma iliyo karibu naye.

Stima katika ploti nyingi imetandazwa kwa kuungaunga: meta moja, waya mrefu unaopita juu ya mabati, na soketi zilizowekwa chini kabisa ya ukuta. Maji yakiingia chumbani kwa kimo cha goti, soketi hizo zimezama. Bati lililoguswa na waya uliochunika linaweza kumuua mtoto anayeegemea ukuta. Mwenye nyumba amwite fundi wa stima mwenye leseni aangalie waya wa kwenda ardhini, abadilishe waya zilizochunika, na ainue soketi hadi kimo cha kifua katika vyumba vinavyofikiwa na maji. Kila mpangaji aonyeshwe swichi kuu iko wapi. Mara nyingi imefungiwa chumbani kwa keateka, na keateka amesafiri. Ufunguo wa pili uachwe kwa mtu anayelala hapo kila siku.

Maji yakianza kuingia, swichi kuu izimwe mtu akiwa amesimama mahali pakavu. Kama maji yameshafika kwenye swichi, isiguswe: watu watoke na Kenya Power ipigiwe simu.

Nani alipe nini

Kila mwaka wa mafuriko swali hili huja: chumba kimejaa maji, mpangaji amehamia shuleni au kwa ndugu zake, na mwisho wa mwezi mwenye nyumba anadai kodi kamili. Wengi hudhani ni jambo la huruma tu. Sheria imeliongelea.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, kifungu cha 65, inaweka ahadi ambazo kila mkataba wa kupangisha unahesabiwa kuwa nazo hata kama hazikuandikwa. Nyumba au chumba cha kukaa kiwe kinafaa kuishi mpangaji anapoingia, na kiendelee kufaa muda wote wa upangaji. Pale ambapo sehemu tu ya jengo imepangishwa, kama vyumba vya ploti, mwenye nyumba ndiye anayetunza paa, kuta za nje, mitaro mikuu na njia zinazotumiwa na wote. Na nyumba ikiharibiwa na moto, mafuriko au ajali nyingine isiyotokana na uzembe wa mpangaji, hata isifae kukaliwa yote au sehemu yake, kodi au kiasi cha haki cha kodi husimama mpaka itengenezwe. Miezi sita ikipita bila kutengenezwa, mpangaji anaweza kuvunja mkataba kwa notisi ya mwezi mmoja.

Mfano wa hesabu: chumba ni shilingi 4,500 kwa mwezi. Maji yaliingia tarehe 8, na chumba kikafaa kukaliwa tena tarehe 20, katika mwezi wa siku 30. Siku 12 hakikukalika. Shilingi 4,500 zikigawanywa kwa 30 ni 150 kwa siku. Mara 12 ni 1,800. Mpangaji atalipa 2,700. Sheria haikutaja hesabu hii ya siku, inasema tu kiasi cha haki, lakini ni hesabu ambayo pande mbili zinaweza kuielewa bila wakili. Chumba kilichobaki kavu ila choo kimebomoka kinahitaji mapatano mengine.

Mpangaji naye ana mzigo wake. Asiyefagia mtaro ulio mbele ya mlango wake, au aliyetoboa bati kupitisha waya wa televisheni, hawezi kulaumu mvua. Vyombo vyake ni juu yake kuvilinda: vyeti vya shule, kitambulisho, kadi za kliniki na hati za kiwanja vifungwe ndani ya nailoni na kutundikwa juu, au vipelekwe kwa ndugu anayekaa mahali pa juu.

Upangaji wa muda mfupi unaweza kuwa wa mdomo na bado ukatambuliwa na sheria, na ndivyo ulivyo mwingi hapa mjini. Shida ni ushahidi. Karatasi moja yenye sahihi mbili na shahidi, inayosema kodi ni kiasi gani, amana ni kiasi gani, nani anatengeneza nini na maji yakiingia itakuwaje, huzuia ugomvi mwingi, na kuandikiana madeni na mapatano ni jambo ambalo dini pia imelisisitiza. Asiyejua kuandika asaidiwe na mtu wanayemwamini wote wawili. Mapatano yakishindikana, wengi huanza kwa wazee na chifu, na mara nyingi huishia hapo. Kwa nyumba ambayo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, kuna baraza maalumu chini ya Sheria ya Kudhibiti Kodi. Zaidi ya hapo, mlango ni mahakama. Kumfungia mpangaji kwa kufuli la juu au kutoa vyombo vyake nje kwenye mvua si mojawapo ya njia za kisheria, hata akiwa na deni.

Maji yakishaondoka

Haraka ya kurudi imewagharimu wengi. Ukuta wa udongo uliolowa unaonekana mzima na huanguka siku jua linapoukausha upande mmoja. Fundi autazame kabla ya watoto kulala ndani. Ukuta wa mawe uachwe upumue, madirisha wazi, kabla ya kupigwa plasta au rangi. Stima isiwashwe mpaka fundi akague kila soketi iliyolowa. Matope yakokotwe, sakafu na tangi la maji vioshwe kwa dawa ya klorini, na maji ya kisima yasinywewe mpaka kisima kitiwe dawa.

Mbu huhitaji siku saba hadi kumi tu katika joto letu kutoka yai hadi kuruka, hivyo ndoo, matairi na mashimo ya uani yamwagwe kila wiki. Wenye mifugo ndani ya ploti wawe waangalifu zaidi: homa ya Bonde la Ufa ililipuka Garissa baada ya mvua kubwa za mwisho wa 1997 na tena mwisho wa 2006, na binadamu huipata kwa kugusa damu au mimba iliyotoka ya mnyama mgonjwa. Mbuzi wakianza kutupa mimba kwa wingi, afisa wa mifugo aitwe kabla ya mtu kuchinja.

Siku mpangaji anaporudi, mwenye nyumba na mpangaji watembee pamoja ndani ya chumba, waandike kilichoharibika, na waandike tarehe hiyo kwenye karatasi ya mkataba. Kodi inaanza kuhesabiwa tena hapo.